Kijana wa kilo 104, pambano la sita apewe nani?

DADA: Karibuni tena jamani, tupo Mtwara mjini kama kawaida, mkisikia bodaboda zinapita mtuvumilie, dirisha tumeliacha wazi maana joto la leo sio mchezo. Kocha shikamoo.

KOCHA: Marahaba dada yangu. Salamu kwa wote, Newala, Tandahimba, Lindi mjini, Masasi.

DADA: Masasi ndo kwenyewe leo. Kuna baba katuandikia, ni mjomba wa bondia mmoja ana miaka 19, kilo 104, kapigana mapambano 5 ya kulipwa, yote kashinda kwa KO, yaani mtu kaangushwa hawezi kuendelea, na hakuna hata moja lililofika raundi ya 3. Sasa wameletewa dili, aende Dar raundi 8 na mzee mmoja mwenye jina lake, zamani alikuwa tishio. Hela ipo. Mjomba anauliza, dogo aende au asiende?

KOCHA: Asiende, bado. Na wala simuogopi huyo mzee. Naogopa dogo akimpiga.

DADA: Akimpiga? Si ndo jina linapanda kocha?

KOCHA: Linapanda kweli, ndo shida inapoanzia. Chukua Gerry Cooney wa Marekani, alikuwa na konde la kushoto ambalo likikupata umekwisha. Wakamletea majina, Jimmy Young, Ron Lyle, Ken Norton, lakini wote walishapita umri wao. Norton kamaliza kwa sekunde 54 tu, Mei 1981. Dunia nzima ikapiga kelele. Afu akakaa zaidi ya mwaka bila kupigana, Juni 1982 wakamuweka na Larry Holmes bingwa wa dunia. Sasa hesabu na mimi, hayo mapambano 3 kabla ya Holmes ukijumlisha raundi zake unapata kama 6, ndani ya miaka 2. Mtu anaingia pambano la raundi 15 miaka miwili yote kacheza raundi 6! Alijitahidi, alikuwa jasiri sana yule, lakini raundi ya 13 wakamtoa.

DADA: Raundi 6. Dah.

KOCHA: Ndo nasema, kule kwenye korosho zetu mtu hanunui kwa kuangalia gunia limejaa. Wanachota kidogo, wanapasua, wanaangalia ndani kuna nini. Rekodi ya 5 kwa 0 ni gunia, mpinzani ndo kisu cha kupasulia. Huyo dogo wa Masasi hajapasuliwa bado, mjomba wake mwenyewe hajui kama ana pumzi ya raundi ya 5, hajui akipigwa konde zuri anafanya nini, anakumbatia, anarudi nyuma, anakasirika na kuacha gadi, ile mikono ya kujikinga uso, hajui kitu.

DADA: Ila kocha nikubishie hapo. Tyson alikuwa bingwa ana miaka 20. Na huyu Moses Itauma wa Uingereza, Agosti 2025 ana miaka 20 kamchapa Dillian Whyte raundi ya kwanza tu. Wengine wanaiva mapema bwana, ukiwachelewesha unawaharibia.

KOCHA: Tyson ni mfano wangu mimi huo, nashukuru umeutaja. Watu wanakumbuka KO tu. Mwaka 1985 peke yake kapigana mara 15, mara 15 dada! Afu Mei 1986 kapewa watu wawili ndani ya mwezi mmoja, James Tillis na Mitch Green, na wote walisimama naye raundi 10 mpaka mwisho. Tillis alikuwa anajua kutembea ulingoni, Green alikuwa mrefu anakumbatia anakuchosha. Novemba ndo akampiga Trevor Berbick akachukua mkanda. Kwaiyo hata yeye aliyekuwa anaangusha kila mtu, walihakikisha kaonja raundi 10 kabla ya ubingwa. Itauma kipaji chake sibishi, anapigana kwa mkono wa kushoto, ana kasi ya mtu wa kilo 70, lakini mpaka siku anampiga Whyte alikuwa hajawahi kuvuka raundi ya 6. Ningekuwa kambi yake hilo lingeninyima usingizi.

DADA: Sasa mtu wa kumpa raundi ni wa namna gani?

KOCHA: Wapo, na hawaimbwi. Mtu kama Jermaine Franklin, kaenda raundi 12 na Whyte mwaka 2022, miezi michache mbele 2023 kaenda raundi 12 na Anthony Joshua. Kapoteza yote mawili kwa pointi, lakini hakuanguka. Mtu wa hivyo hana konde la kukuua ila hatoki, kila ukimaliza kazi yako bado yupo mbele yako, hapo ndo unajifunza kuchagua ngumi na kubaki na pumzi. Na kila pambano liwe na swali lake, hili la mtu mrefu mwenye jabu, ile ngumi ya kunyoosha ya mkono wa mbele, hili la mkono wa kushoto, hili la mfupi anayeingia tumboni. Yote matano ya dogo yalikuwa swali moja tu, unaweza kumpiga mtu asiyejiweza? Tumeshajua anaweza.

DADA: Na ukikosea upande wa pili, ukampa mgumu mno?

KOCHA: Jared Anderson, Mmarekani, 17 kwa 0, wakamletea Martin Bakole wa Kongo, Agosti 2024 pale Los Angeles. Raundi ya 5 kwisha. Bakole kila mtu wa ngumi alikuwa anajua ni mtu hatari, wenzake walikuwa wanamkwepa miaka.

DADA: Lakini Daniel Dubois alipigwa na Joe Joyce 2020, mfupa wa jicho umevunjika, na karudi. Akapigwa na bingwa Usyk wa Ukraine 2023, karudi tena, 2024 kamuangusha Joshua Wembley. Kupigwa sio kufa.

KOCHA: Kwa Dubois sawa, ana hospitali, ana hela ya kukaa mwaka mzima anapona, ana promota anamsubiri. Sisi je? Mi nilikuwa na kijana wangu hapa Mikindani, kilo 95, mtulivu, anafundishika. Promota mmoja akamchukua, akamletea watu wa kilo 84, 86, waliolishwa wakapandishwa mizani, akawaangusha wanne. Wa tano wakampeleka mbali, apigane na bondia aliyekomaa kabisa. Kapigwa raundi ya 2. Baada ya hapo simu zikawa zinakuja, zote za kumuita akapigwe na vijana wa watu wengine. Kaacha ngumi na miaka 23. Mpaka leo nikikutana na mama yake naona uzito, kwa sababu mimi ndo nilisema sawa, achukueni.

DADA: Pole sana kocha.

KOCHA: Kwaiyo na mizani mjomba aangalie. Uzito wa juu unaanzia juu ya kilo 90 na ushee, huko juu hakuna mwisho, na nchi hii wengi wetu ni wa uzito mdogo na wa kati. Ukiambiwa mpinzani wa kilo 100 umepatikana haraka haraka, uliza mwaka jana alikuwa na kilo ngapi.

DADA: Na wakibadilisha mtu?

KOCHA: Hilo ni pambano jipya, una haki ya kukataa. Joshua 2019 alijiandaa kwa Jarrell Miller, kapimwa kakutwa na dawa, akaingia Andy Ruiz. Kaangushwa mara 4. Na bondia wetu Hassan Mwakinyo vilevile, Septemba 2018 kaenda Birmingham kwa Sam Eggington, hakuna kule aliyempa nafasi, raundi ya 2 kammaliza. Siku hiyo tulishangilia, lakini fikiria kambi ya Eggington ilivyolala usiku ule.

DADA: Haya, mjomba yupo anasikiliza. Pambano la sita apewe nani?

KOCHA: Raundi 6, sio 8. Mtu wa kilo 100 za kweli, ambaye hajawahi kutolewa kwa KO hata kama kapoteza nusu ya mapambano yake, na ikiwezekana afanyie hapa hapa kusini. Hela itakuwa ndogo, najua. Kabla ya yote, sparingi, yale mazoezi ya kupigana na mwenzako, anafanya na nani?

DADA: Hajaandika.

KOCHA: Muulize. Masasi nzima mtu wa kilo 100 anayejua ngumi mi simjui.

DADA: Subiri nimpigie tukiwa bado hewani.