Mama, Bahari ya Brighton Ndiyo Hii

Watu wangu wa Nairobi, hamjambo? Niko nanyi kwa video ya simu. Huku Brighton, kusini mwa Uingereza, ni saa mbili unusu usiku na jua bado lipo. Kwetu ni saa nne unusu, na mama yangu pale Umoja nadhani ameshafunga kioski. Hapa nilipokaa ni juu ya mawe. Ufuo wote huu ni kokoto, mchanga kama wa Diani usahau. Ukivua viatu utajua.

Mji huu wa likizo haukuanza na starehe, ulianza na dawa. Palikuwa na wavuvi tu, na jina lake likiitwa Brighthelmstone. Mwaka 1750 daktari wa mji jirani wa Lewes, Richard Russell, alichapisha maandishi kwa Kilatini akisema maji ya bahari yanatibu maradhi ya tezi. Si kuoga tu, hata kuyanywa! Basi wenye pesa wakamiminika. Mgonjwa aliingia kwenye kibanda cha mbao chenye magurudumu, farasi akakivuta hadi majini, halafu mama mmoja mwenye mikono ya nguvu akamzamisha. Aliyevuma kuliko wote katika kazi hiyo ni Martha Gunn.

Niliposoma hayo nilimkumbuka mama. Aliiona bahari mara ya kwanza akiwa na miaka 58. Alipanda treni Syokimau, akashuka Miritini, na alipofika ufuoni kitu cha kwanza alichofanya ni kuchota maji kiganjani akayaonja. Kisha akajaza chupa ya nusu lita, ampelekee jirani anayeumwa miguu. Tulimcheka sana siku ile. Mama, naomba radhi. Matajiri wa Uingereza walilipa pesa nyingi kwa jambo hilohilo.

Mwaka 1783 akaja mwana wa mfalme, kijana wa miaka 21, ambaye baadaye alitawazwa George wa Nne. Aliupenda mji mno. Angalieni kule nyuma ya barabara: hizo kuba ni za jumba lake, Royal Pavilion. Kuanzia 1815 msanifu John Nash alilipa sura hii ya majumba ya India, lakini ukiingia ndani utakutana na madragoni ya Kichina kila upande. Malkia Victoria hakulipenda, na mwaka 1850 mji ukalinunua kwa pauni 53,000.

Kinachonigusa mimi zaidi ni hiki. Vita Kuu ya Kwanza ilipokuja, jumba hilo liligeuzwa hospitali ya askari wa India, likawa na vitanda zaidi ya 700 pamoja na jumba la jirani. Wahindu na Waislamu walitengewa jikoni zao na mabomba yao ya maji. Juu ya vilima nje ya mji, pale walipochomwa miili Wahindu na Masingasinga waliofariki, pana mnara mweupe wa ukumbusho, Chattri, uliozinduliwa 1921. Kumetulia sana kule. Ukija Brighton usiishie ufuoni, panda hadi kule.

Lakini aliyemleta mtu wa kawaida baharini ni treni. Reli kutoka London ilifika 1841, na mfanyakazi wa kiwandani akaweza kuja asubuhi na kurudi jioni. Mji ukabadilika kabisa. Mwaka 1883 Magnus Volk akatandaza kireli cha umeme kando ya maji, na hadi leo kinabeba watu; nimekipanda leo mchana. Ile jeti ndefu mnayoiona, yaani gati la matembezi linaloingia baharini, Palace Pier, ina urefu wa mita 525. Ilifunguliwa Mei 1899, na mwezi huohuo reli ya kutoka Mombasa ikafika Nairobi. Sisi nasi ni watoto wa reli, jamani, ila yetu haikulazwa ili mama wa Umoja akaone bahari. Alingoja miaka 58.

Yale mabaki ya chuma yaliyosimama majini peke yake ni ya jeti nyingine, West Pier, ya 1866. Ilifungwa 1975, ikaungua 2003.

Kama una mzazi hapo Nairobi ambaye hajawahi kuiona bahari, mkatie tiketi. Usingoje Desemba.

Taa za jeti zinawaka sasa. Ngoja nigeuze simu, mama aone.