Siku Nne, Saa Zile Zile: Jiandae Kabla Hujagonga Mlango wa Bosi

Karibuni tena, ndugu zangu wa Kampala, wa Mukono, wa Jinja, na nyinyi wa Arua mnaonitumia salamu kila wiki. Leo tunaandaa ombi la kufanya kazi siku nne badala ya tano. Saa hazipungui, mshahara haupungui. Huu ni mwaka wangu wa pili kwenye ratiba hii, na Ijumaa yangu niko shambani na mama. Ndiyo maana nataka na wewe uipate.

Daftari, kalamu, mkataba wako. Daftari hili lenye safu za saa nauza shilingi 5,000, lakini lolote lenye mistari linafaa.

Fungua mkataba, tafuta saa za wiki. Wangu unasema 40. Gawanya kwa nne: saa 10 kwa siku. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inaweka saa 48 kwa wiki kuwa kikomo cha kawaida, na hata mkizidisha, nje ya kazi za zamu, siku isipite saa 10 wala wiki isipite 56. Kwa hiyo mwenye 40 anaingia pale pale kwenye ukingo. Wewe wa saa 45 unayefanya kazi mpaka Jumamosi, siku nne zinakupa saa 11 na robo, hiyo haipiti. Omba Jumamosi tu iwe ya mapumziko: 45 kwa siku tano ni saa 9. Mimi kwa kweli ningeanza na hiyo.

Ngoja, simu inateleza... naiegemeza kwenye chupa ya chai. Mnaniona? Haya.

Sasa sogeeni karibu. Chakula cha mchana! Ombi langu la kwanza niliandika naingia saa 1 asubuhi, natoka saa 11 jioni. Nikahesabu kwa vidole, kumi. Bosi akachukua kalamu nyekundu, akazungushia saa 7 mchana, akaniuliza, "Na saa hii unayokula?" Kumbe ni tisa. Kwa wiki, 36. Nilikuwa nimeandika "saa zile zile" huku nimepunguza nne. Karatasi ilirudi mkononi mwangu, na miezi sita ikapita kabla sijathubutu kurudi.

Kwa hiyo andika kila saa kwenye mstari wake, hivi: 1 hadi 2, 2 hadi 3, mpaka mwisho. Mstari wa chakula, ukate. Halafu hesabu iliyobaki. Saa 1 asubuhi mpaka saa 12 jioni, toa chakula, ndiyo 10. Kama mkataba wako unaingiza chakula ndani ya saa za kazi, weka alama kwenye kipengele hicho uende nacho. Na barua za ofisi nyingi hapa ni za Kiingereza, basi geuza saa: saa 1 asubuhi ni 7:00, saa 12 jioni ni 18:00. Hesabu tena. Nasema tena, kata chakula!

Pili, kwa wiki mbili andika unachofanya Ijumaa. Yangu ilionyesha ankara asubuhi, simu za wateja, na kuanzia saa 8 karibu hakuna kitu. Kila kazi iwekee jina: nani ataishika, au itahamia siku gani. Hapa ndipo maombi yanapokufa. Jimbo la Utah kule Marekani liliwapa watumishi wake siku nne za saa kumi mwaka 2008, likairudisha Ijumaa mwaka 2011, na wananchi walikuwa wamelalamika kukuta ofisi zimefungwa. Kwa hiyo usiombe ofisi yote ilale siku moja. Mimi na dada tunayekaa meza moja tuligawana, yeye Jumatatu, mimi Ijumaa.

Foleni ya Jinja Road, pale Banda na Kireka, usiiweke kwenye barua. Inakuumiza wewe, si biashara ya bosi. Sema kwamba saa 1 asubuhi simu hazijaanza kulia na hesabu zinaisha.

Boda hiyo! Subirini ipite... Sawa.

Weka na haya: majaribio ya miezi mitatu, sikukuu ikiangukia siku yako ya mapumziko, mtafanyaje, mfano tarehe 9 Oktoba, Siku ya Uhuru, ikiwa Ijumaa, na ukiitwa kazini siku hiyo, ni saa za ziada au utafidiwa siku nyingine. Kisheria saa za ziada siku ya kawaida ni mara moja na nusu ya malipo ya saa, na sikukuu ni mara mbili, kwa hiyo bosi naye atataka ieleweke kwamba saa ya tisa na ya kumi ya kazi kwa siku si za ziada.

Omba miadi, usimvizie koridoni. Mwisho wa mwezi mwache, ana mishahara kichwani. Akikubali kwa mdomo, mshukuru, kisha siku hiyo hiyo mpelekee karatasi yenye tarehe na saa zako, mwombe aisaini, nakala moja iingie kwenye faili lako.