Mnyauko fuzari: mbegu hii inakinza mbari ipi?

Ahsante, mwenyekiti. Mnyauko wenyewe, huu ugonjwa wa nyanya unaoletwa na kuvu iitwayo fuzari, sitaueleza. Aliyelima nyanya ameshaona majani yakigeuka njano upande mmoja wa mmea, akachana shina akakuta mishipa imekuwa kahawia. Naja na lile lile ninalolisema kila nikipewa kipaza sauti: kumwambia mkulima kwamba mbegu "inakinza mnyauko" hakutoshi. Inakinza mbari ipi ya kuvu, yaani kundi lipi la kuvu hiyo hiyo, maana kila kundi lina nyanya linazoziweza na linazoshindwa?

Mwaka 1939, huko Missouri, Marekani, Bohn na Tucker walitangaza kwamba wamepata nyanya pori, Solanum pimpinellifolium, ambayo fuzari haikuiweza. Kilichoikinga ni jeni moja tu, ikaitwa I, nayo ikahamishiwa kwenye nyanya za kulimwa. Watu wakapumua. Mwaka 1945 mbari ya 2 ikaripotiwa Ohio, na I haikuizuia. Ikatafutwa I-2, nayo pia ikatoka kwa nyanya pori. Mwaka 1978 mbari ya 3 ikajitokeza Queensland, Australia. Safari hiyo I-3 ikachukuliwa kwa Solanum pennellii.

Najua kuna anayesema moyoni, "Kumbe kuvu inajifunza." Haijifunzi! Ikiwa ndani ya mishipa ya maji, kuvu hutoa protini. Mmea wenye I huitambua mojawapo, Avr1, ukajihami. Kuvu iliyopoteza jeni ya Avr1 hupita bila kutambuliwa, na shamba zima likiwa la mbegu hiyo hiyo, ni hiyo inayozaana. Sasa nisikilizeni hapa, maana ndipo tunapokosea: Avr1 hiyo hiyo huzima kazi ya I-2 na I-3. Kwa hiyo mtafiti akiingiza I-3 akaitupa I kwa kuwa ni ya zamani, kuvu yenye Avr1 inaweza kuurudia mmea huo. Jeni hizi zikae pamoja. Nitalirudia hili mpaka mnichoke.

Tuje dukani. Pakiti imeandikwa F1, muuzaji anamwambia mama wa watu, "Hii F1, haishikwi na fuzari." Jamani! F1 ni chotara wa kizazi cha kwanza, haihusiani na fuzari hata kidogo. Ukinzani huandikwa kando, kwa mfano Fol:0,1; Fol ni kifupi cha jina la kuvu hii, na tarakimu ni mbari zinazokinzwa. Hapo napo kuna mtego, kwa sababu Wazungu wa Ulaya huanza kuhesabu na sifuri: 0 yao ndiyo mbari ya 1 ya Wamarekani, na 1 yao ni mbari ya 2. Mwenye mbari ya 3 shambani akinunua Fol:0,1 amepoteza msimu. Hakuna aliyemdanganya kwa makusudi, lakini hakuna aliyemsomea pakiti. Ninyi wenye maduka ya pembejeo, msomeeni! Na nyanya aina ya Moneymaker, ambayo bado tunaipanda, haina hata I.

Naambiwa dakika zimekwisha. Kubebesha miche juu ya shina kinzani tutaliongea siku nyingine. La mwisho: kabla ya kulaumu fuzari, kata shina la mmea ulionyauka, lichovye kwenye glasi ya maji safi. Ukiona uzi mweupe unachirizika, huo ni mnyauko bakteria, na kwa huo hata I-3 haisaidii kitu. Haya, maswali.