Kabla Hujafunga Kamba za Raba, Soma Cheti Chako

(Mazungumzo na vijana wanaotaka kujiunga na jeshi, na wazazi wao, Moshi)

Bwana asifiwe. Asalaam aleikum. Wazee wangu shikamooni, vijana hamjambo. Mwenyekiti kaniambia nina dakika arobaini, kisha akaja kunikumbusha tena pale mlangoni, maana ananijua.

Nianze na swali. Nani leo alfajiri amekimbia? Nyoosheni mikono. Ehee. Karibu wote. Na mimi nawasikia, saa kumi na moja mnapita kwangu kundi zima na mchakamchaka wenu, mpaka mbwa wa jirani siku hizi habweki, anawahesabu tu. Vizuri sana. Sasa nani kaja na cheti chake cha kuzaliwa? Nilimwomba mwenyekiti atangaze jambo hilo wiki mbili, kanisani na msikitini. Mmoja, wawili… saba. Watu saba katika ukumbi huu! Na wewe wa koti la bluu, hicho ni cheti au kadi ya kliniki? Kadi ya kliniki. Haya, sita.

Ningeweza kukaa chini sasa hivi, maana niliyotaka kusema yote yamo humo kwenye hiyo sita.

Tangazo la kuandikishwa JWTZ, jeshi letu la wananchi, likitoka mnalo kwenye simu kabla yangu, kwa hiyo sitalisoma. Raia wa Tanzania wa kuzaliwa; afya njema ya mwili na akili; tabia njema, hajapatikana na hatia ya jinai mahakamani; vyeti halisi; hajatumikia Polisi, Magereza, Chuo cha Mafunzo, yaani magereza ya Zanzibar, wala KMKM, kikosi cha Zanzibar cha kuzuia magendo; kamaliza JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, na cheti chake anacho. Kwa wenye kidato cha nne na cha sita, matangazo ya miaka hii ya karibuni yanataka umri usiozidi miaka 24. Barua uiandike kwa mkono wako mwenyewe, iende Makao Makuu ya Jeshi, Msalato, Dodoma. Sasa hesabuni wenyewe, katika hayo ya miguu ni mangapi? Moja. Yaliyobaki yote ni ya bahasha. Na ninyi mnafanya mazoezi ya miguu miaka miwili, bahasha mnaifungua usiku wa kuamkia siku ya mwisho, kwa mwanga wa tochi ya simu, mama anatafuta cheti chini ya godoro.

Toeni simu. Si ya kupiga picha, wewe. Wenye namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, ifungueni. Ina tarakimu ishirini. Nane za mwanzo si bahati nasibu: ni mwaka wako wa kuzaliwa, mwezi na siku. Wale sita wenye vyeti, linganisheni. Binti, mbona unacheka? 2003 huku na 2005 huku? Nani alikupunguzia miaka miwili? Mama. Mama yupo? Hayupo, safi, tumseme. Mama alikupunguzia kwa nia njema, ulichelewa kuanza shule, akaona aibu. Lakini atakayelisoma faili lako hayupo kwenye moyo wa mama. Anaona mtu mmoja kazaliwa mara mbili.

Sasa niwape kisa changu. Waliokwisha kunisikia Mwika na Himo watanivumilia, mimi kisa hiki sitaacha kukisema mpaka mnizike.

Nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi huko juu Rombo. Shule siitaji, mwenye makosa ni mimi. Mwaka 2009 kijana mmoja, mpole, mwandiko wake unanyooka kama uzi, alifeli darasa la saba. Alifeli kwa sababu wiki ya mtihani alikuwa na malaria; kila mtu pale kijijini alijua hivyo. Baba yake akaja kwangu jioni na mkungu wa ndizi na dumu la mbege. Hakuomba chochote. Alikaa, akanywa na mimi, akazungumza habari za kahawa na mvua. Wakati wa kuondoka ndipo akauliza, kama mtu aliyesahau kofia: "Mwalimu, yule mtoto wa fulani aliyekwenda Mirerani, jina lake bado lipo kwenye daftari?"

Lilikuwepo. Yule mwingine alikuwa darasa la sita, akatoroka kwenda kwenye machimbo ya tanzanaiti, kuwa nyoka. Mnajua nyoka wa Mirerani, wale watoto wembamba wanaoingia kwenye mashimo pasipopita mtu mzima. Jina lake lilikuwa wazi, kiti chake kitupu. Nami nikachukua kalamu. Sikulala na dhamiri mbaya hata kidogo, nataka mlijue hilo. Nilijiona nimeokoa mtoto. Mwaka uliofuata kijana wetu akakaa darasa la saba tena, safari hii kwa jina la mwenzake, akafaulu vizuri sana. Nikala ndizi nyingine.

Akaenda sekondari kwa jina hilo. Kidato cha nne, daraja la pili, kwa jina hilo. Baba yake akamtafutia cheti cha kuzaliwa kwa jina hilo hilo. Akaenda JKT kwa kujitolea, akamaliza, cheti anacho. Huyo kijana, jamani, alikuwa anakimbia! Ninyi mnapita kwangu, yeye alikuwa anaruka. Akaomba jeshi, akapita hatua ya kwanza, akapita ya pili. Nyumbani wakaanza kumwita afande.

Halafu ukaja upekuzi. Upekuzi si kompyuta peke yake, usidanganywe. Ni mtu mmoja mwenye shati la kawaida kabisa, anashuka kwenye Noah pale njiapanda, anaomba maji ya kunywa. Akaenda kwa balozi wa nyumba kumi, bibi mmoja mcha Mungu ambaye tangu azaliwe hajawahi kusema uongo, na hata angetaka asingeujua unaanzia wapi. Akamuuliza: "Mama, unamfahamu fulani wa fulani?" akataja lile jina. Bibi akafurahi. "Namfahamu sana! Nimemlea! Yuko Mirerani, krismasi iliyopita kaniletea kitenge."

(Kicheko.)

Mnacheka. Na mimi nilicheka mara ya kwanza niliposimuliwa, kisha nikakumbuka mwandiko ni wa nani.

Siku hizi yule kijana anaendesha bodaboda pale Kiboriloni. Akiniona kwenye kituo anashuka, anavua kofia ngumu, "Shikamoo mwalimu." Ananipeleka mpaka mlangoni. Nikitoa hela anakataa. Miaka yote hii hajanitupia neno hata moja. Kuna siku nilimwekea noti ya elfu tano kwenye mfuko wa koti bila yeye kuona. Kesho yake niliikuta chini ya mlango wangu, imekunjwa vizuri.

Najua mnachotaka kusema. "Mwalimu, nusu ya mkoa huu imesoma kwa jina la mtu." Kweli. "Na wengine wako kazini." Kweli pia, walikuwa. Aprili 2017 Rais Magufuli alikabidhiwa orodha ya watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi, akaagiza waondoke. Watu 9,932, na kila mmoja wao aliwahi kusema mbona wengine wako kazini.

Mzee mmoja wa Marangu aliwahi kunibishia: kuna haja gani askari kuulizwa jina la darasani, kwani bunduki inasoma cheti? Mzee wangu, jeshi hili lina sababu yake. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi, na hao hawakuwa na upungufu wa vifua wala mbio. Lile jeshi likavunjwa, na lilipoanza kujengwa jipya, JWTZ tunaloadhimisha kila tarehe 1 Septemba, walitafutwa kwanza vijana wanaojulikana walikotoka, wengi kutoka Umoja wa Vijana wa TANU, chama kilichotawala wakati ule. Kwa hiyo swali la "wewe ni nani na nani anakufahamu" limezaliwa na jeshi lenyewe. Hawakulianzisha ili kukusumbua wewe wa Majengo.

Sasa dawa. Kuna makosa ya karatasi na kuna uongo, na mimi nataka mvitenganishe kabisa. Cheti kimeandikwa Massawe, shuleni ukaandikwa Masawe, "s" moja: hilo ni kosa la kalamu, linarekebishika. Nenda RITA, wanaosajili vizazi, na vielelezo vyako, cheti cha ubatizo, kadi ya kliniki, cheti cha darasa la saba, barua ya mtendaji. Ulikaa kwa mjomba Arusha, ukaandikishwa kwa jina la mjomba kwa sababu ndiye aliyelipa ada: kuna hati ya kubadili jina, inaandaliwa na wakili, inasajiliwa kwa Msajili wa Hati. Tarehe za NIDA na za cheti zimepishana: nenda NIDA. Nenda sasa, si tangazo likishatoka. Foleni ya wiki ya tangazo mnaijua wenyewe, watu wanalala nje na mablanketi kama wanasubiri sukari ya mwaka 1983. Lakini ulikaa mtihani kwa jina la mtu mwingine? Hapo wakili hana dawa. Hati ya kubadili jina inabadili jina lako, haikifanyi kiti cha mtu kiwe chako. Atakayekuambia laki tatu zitasafisha jambo hilo anataka laki tatu.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nimeiona.

Mpakani, haraka. Wa Holili, wa Tarakea, nisikilizeni. Mama zenu wengine walijifungulia Taveta kwa sababu hospitali ilikuwa karibu na shangazi yuko huko. Hakuna ubaya wowote. Lakini uraia wetu ni wa aina tatu: wa kuzaliwa, wa kurithi na wa tajnisi, yaani wa kuomba. Umezaliwa nje na mzazi wako ni Mtanzania, naye si wa kurithi, wewe ni raia, ila wa kurithi, na tangazo linasema wa kuzaliwa. Usiende kuandika ulizaliwa Rombo ili yaishe. Nenda Uhamiaji ukaulize hali yako, upewe jibu na mtu wa Uhamiaji, si na mimi wala si kijiweni. Na wewe mwenye kitambulisho cha Kenya ulichokichukua ili upate kibarua Voi, ukiwa na miaka kumi na minane umeshika na cha kwetu, Tanzania haina uraia pacha. Nadhani umenielewa, maana umeinamisha kichwa.

Kesi. Hili lilistahili saa nzima. Kukamatwa si hatia. Kulala mahabusu Ijumaa mpaka Jumatatu si hatia, ni usiku mbaya tu. Hata kushtakiwa si hatia mpaka hakimu atamke. Lakini wazee tuna tabia moja. Kijana kapigana baa, au kakutwa na fungu la mirungi la mtu mwingine kwenye boda, anapelekwa mahakamani, na sisi tunamnong'oneza, "Kubali kosa, ulipe faini, urudi nyumbani, kuna kazi shambani." Anakubali. Analipa elfu hamsini, jioni tunakula ndafu. Jamani, kukiri kosa mbele ya hakimu ndiyo hatia yenyewe! Faini ni adhabu kama kifungo, tofauti yake umelala kwako. Miaka minne baadaye anasimama mbele ya usaili, anaulizwa kama amewahi kutiwa hatiani, anajibu hapana kwa moyo mweupe kabisa, na alama zake za vidole zinajibu ndiyo. Sisemi kijana mwenye kosa akane. Nasema mzazi usimfundishe mtoto kukiri asilolifanya kwa sababu unataka kuwahi kumwagilia.

Mengine nitayapita tu. Pesa: nafasi za jeshi haziuzwi, jeshi lenyewe limelisema hilo hadharani mara nyingi, na huyo "afande" anayekutumia picha akiwa amevaa kombati aliyoipakua mtandaoni hana hata mgambo. JKT: kujitolea si ajira, wenyewe wanalisema kwenye kila tangazo, kwa hiyo usije kuniambia ulidhulumiwa. Mambo ya macho, moyo na michoro mwilini alikuwa aje daktari kuyasema, hakuja, nami siyajui vya kutosha.

Swali moja, mwenyekiti anasema moja tu. Ndiyo, kijana. "Je, kama ninajua jina si langu, niombe tu nione?" Hapana. Njoo kwangu nyumbani, peke yako, si hapa. Tutatazama kila karatasi, na kama kuna mlango tutaugonga. Kuna kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, kwa jina lako ulilopewa na baba yako. Itakula umri, najua. Una miaka mingapi? Kumi na tisa. Basi kaa, muda bado unao, nilidhani unaniambia ishirini na tatu.

Wale sita, nileteeni vyeti hapa mezani kabla hamjaondoka. Na wa koti la bluu, na hiyo kadi yako ya kliniki ilete. Nani kaitia laminesheni? Mama tena. Haya, ilete hivyo hivyo.