Fazori: volti 138 na volti 184 zinapotoa volti 230

Karibuni. Tuanze na saketi moja. Chanzo ni volti 230, hezi 50. Rezista ya omu 30 imeungwa mfululizo na koili ya henri 0.1273, ambayo ukinzani wa waya wake tunaupuuza. Voltmita inasoma 138 kwenye rezista na 184 kwenye koili. Jumla yake ni 322. Volti 92 za ziada zimetoka wapi?

Hazijatoka popote. Voltmita husoma ukubwa tu, haisemi wimbi lipi limetangulia. Volteji ya koili hutangulia mkondo kwa nyuzi 90, kwa hiyo vilele vya mawimbi haya mawili havikutani.

Chanzo kikiwa na masafa mamoja na saketi ikishatulia, kila volteji na kila mkondo huwa na masafa yaleyale. Kinachotofautiana ni ukubwa na pembe, na namba changamano moja inavibeba vyote viwili. Hiyo ndiyo fazori. Charles Proteus Steinmetz aliwasilisha hesabu hii kwa wahandisi Chicago mwaka 1893. Faida yake ni kwamba kalkulasi inageuka aljebra: badala ya kutafuta kasi ya badiliko la mkondo, unazidisha kwa jω. (j ni kipeuo cha pili cha −1, ambacho wanahisabati huandika i. Sisi tunaandika j kwa sababu i tayari ni mkondo.)

ω ni 2π mara masafa, hapa 2π × 50, yaani 314.16, hivyo koili ni j40. Impidansi, yaani ukinzani wa jumla wa rezista na koili kwa mkondo geu, ni 30 + j40: ukubwa 50, pembe 53.13°. Mkondo ni 230 ÷ 50 = ampea 4.6, pembe −53.13°. Sasa tazameni zile volteji (namba baada ya ∠ ni pembe):

Rezista: 138∠−53.13° = 82.8 − j110.4
Koili: 184∠36.87° = 147.2 + j110.4

Sehemu za j zinafutana, inabaki 230 kamili.

Wengi huharibu kwenye nguvu. Lazima mkondo ugeuzwe alama ya pembe kabla ya kuzidisha: 230 × 4.6∠+53.13° = 634.8 + j846.4. Wati ni 634.8, sawa na mkondo mraba mara 30. Ukisahau kugeuza, wati zitatoka sahihi lakini j itakuwa hasi, na koili yako itaonekana kapasita. Kosa hili ni baya kwa kuwa nusu ya jibu inaonekana nzuri.

Kikokotoo nacho hudanganya: tanjenti kinyume ya 4/(−3) hutoa −53.13°, ilhali −3 + j4 iko kwenye 126.87°. Chora kwanza. Wala usichanganye RMS (thamani faafu, ambayo voltmita husoma) na kilele. 230 ya RMS ina kilele cha karibu 325.

Chanzo kikiwa na hezi 150 pia, msijumlishe fazori zake na zile za hezi 50. Koili hiyohiyo sasa ni j120. Tatueni kila masafa peke yake, rudini kwenye mawimbi ya wakati, ndipo mjumlishe.