Jani la Mkorosho kwenye Chombo cha Udongo

Karibu mtazamaji. Leo, hapa Lindi, tunafinyanga chombo cha maua chenye alama ya jani la mkorosho. Wapo wanaolichora jani kwa kijiti. Mimi napenda jani lijichore lenyewe, maana mishipa yake ina mpangilio ambao mkono wa mtu hauwezi kuuiga.

Udongo huu wa mfinyanzi umetoka bondeni, upande wa Mto Lukuledi. Nimeuanika, nimeuponda, nimeuloweka na kuuchuja. Changanya bakuli tano za udongo na moja ya vigae vya vyungu vya zamani vilivyotwangwa, ili chombo kistahimili moto.

Ndugu zangu wa pwani, nawaomba sana, msichanganye mchanga wa ufukweni. Una chembe za makombe, na makombe yakiungua hugeuka chokaa. Chombo kitatoka motoni kizuri tu, lakini baada ya siku kadhaa chokaa inavuta unyevu, inavimba na kubandua vipande. Una wasiwasi na mchanga ulio nao? Udondoshee ndimu. Ukitoa povu, achana nao.

Sasa kanda mpaka hewa iishe. Kata bonge kwa uzi: ukiona vitundu, rudia kukanda. Tandika kitambaa ndani ya bakuli, weka kitako, kisha panda juu kwa pindi, yaani kamba za udongo nene kama kidole gumba. Kila unapounga, kwaruza, paka uji wa udongo, bonyeza.

Kikishasimama chenyewe, lakini kidole bado kinaacha alama, lete jani. Chagua lililokomaa na bado bichi. Yale machanga mekundu ni laini mno. Ligeuze: mishipa imetokeza upande wa chini, basi huo ndio ulale kwenye udongo. Mkono mmoja uegemeze ndani ya chombo, mwingine ubonyeze kuanzia mshipa wa kati kwenda pembeni. Halafu shika kikonyo, inua taratibu... Tazama hapa, hata kile kishipa chembamba cha ukingoni kimeingia!

Chukua kijiwe laini cha mtoni, sugua kuzunguka jani hadi udongo ung'ae. Jani lenyewe usiliguse. Ukitaka kuongeza bibo na korosho yake begani, lifinyange likiwa na uwazi ndani na ulitoboe kitundu, kwani bonge nene hupasuka motoni.

Anika kivulini, mbali na upepo. Usiharakishe. Kiweke shavuni: kikiwa cha baridi, bado kina maji.

Siku ya kuchoma, kipashe kwanza kando ya moto, ukikigeuzageuza. Kisha kilaze juu ya vigae, kizungushie kuni na vifuu, na ufunike kwa nyasi kavu. Maganda ya korosho yasiingie humu, hata kama yamejaa mtaani kwenu. Mafuta yake ni makali na moshi wake unaumiza macho na kifua. Moto ukiisha, usimwagie maji. Subiri hadi uweze kukishika kwa mkono mtupu.

Maji yatapenya kwenye chombo hiki, kwa hiyo weka maua makavu. Kama unataka mabichi, tumbukiza kopo la kioo ndani, maji yakae humo.