Kikanda cha Nyumbani: Soda Iende Pole Pole

Jambo ba mama, jambo ba yaya, jambo na ninyi mnaotazama mkiwa mbali na Lubumbashi. Leo tunapika kikanda. Niko lupangoni kwangu, uani, hapa mtaa wa Katuba, mbabula, jiko langu la makaa, imeshika vizuri, simu nimeisimamisha juu ya ndoo. Kikanda ndicho ninachouza jioni mbele ya mlango, kipande kwa kipande, lakini hata nisingekiuza ningekipika. Jumapili bila kikanda mezani, mimi naona kuna mtu hajafika.

Kwa yule ambaye hajawahi kukiona, hiki hapa ni cha jana. Tazameni nikikata. Kahawia, kimeshikana, kisu kinapita bila kuvuta. Ni viazi vya porini, karanga, pilipili, chumvi na soda ya kupikia, basi. Nyama hakuna. Mgeni akionja mara ya kwanza huuliza ni nyama ya mnyama gani, nami namwambia aongeze kipande atafute vizuri.

Vipimo, andikeni. Kopo moja la unga wa kikanda, yaani unga wa viazi hivyo vya porini. Makopo mawili ya karanga zilizotwangwa. Maji makopo matatu, na kopo jingine la maji ya moto liwekwe pembeni. Pilipili kavu iliyosagwa kijiko cha chakula, wenye watoto wadogo wapunguze. Chumvi kijiko cha chai. Soda, ile bikabonati ya dukani, kijiko kimoja cha chai, kisawazishwe kwa kisu, kisiwe na kilima. Kopo langu ni la robo lita. Ukitumia kopo kubwa zaidi usije ukasema nilikudanganya kuhusu soda.

Sasa viazi vyenyewe. Ngoja nivisogeze... hapana, mwanga unapiga nyuma, hamwoni kitu. Nageuka. Haya. Hivi hapa. Vidogo, vina vinywele, na huu udongo mweusi ni wa mabonde ya maji huko vinakochimbwa. Ni viazi vya okidi, yale maua ya porini. Na hapa nataka mnisikilize, maana wengi tunakula bila kujua. Mmea mmoja una viazi viwili. Kimoja cha zamani, laini, kimesinyaa, kimeshalisha ua la mwaka huu. Kingine kipya, kigumu, ndicho kingetoa ua la mwaka ujao. Sisi tunakula kile kigumu. Maana yake mmea ule umekwisha, haurudi. Ba mama wanaochimba wanajua, ndiyo maana wanaenda mbali zaidi na zaidi kuvitafuta. Biashara hii ilishafika hadi nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, huko Kitulo, ambako tangu 2005 ni hifadhi ya taifa kwa ajili ya maua hayo hayo, na viazi vilikuwa vikichimbwa huko na kusafirishwa mpaka Zambia. Okidi zote duniani zimo kwenye mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya mimea na wanyama inayovuka mipaka. Kwa hiyo nikirudia jambo la soda mpaka mchoke, nivumilieni. Sufuria moja ikiharibika, hapo yamekwenda maua mengi bure, na hakuna aliyeshiba.

Kuviandaa ni kazi ya kawaida: osha, menya, katakata, anika mpaka vikauke kabisa, twanga, chunga. Kiangazi ndio wakati wake, mvua zikianza vinaota ukungu kwenye kitambaa. Anayenunua unga tayari sokoni aupime kwanza. Chukua unga kidogo, mimina maji ya uvuguvugu, sugua kati ya vidole hivi. Ukiteleza, ukavutika, ni wenyewe. Ukibaki chenga chenga, umeuziwa mahindi. Unga ninaouza mimi nautwanga hapa hapa, na mteja anausugua mbele yangu kabla hajatoa hata franka moja.

Karanga sasa. Mimi natumia mbichi. Wapo wanaokaanga kwanza, na kikanda chao kinanukia, sikatai, lakini karanga ya kukaanga inafunika ladha ya kiazi, na kiazi ndicho tulichokitafuta. Zichague kabla ya kutwanga. Iliyo nyeusi, iliyosinyaa, yenye ukungu, tupa. Usiseme moto utaimaliza. Sumu ya ule ukungu, aflatoksini, haimalizwi na moto wa jikoni. Halafu kinu. Twanga kwa vipindi, chunga, zilizobaki rudisha kinuni. Usipige mfululizo, zitatoa mafuta zigeuke rojo, na rojo halichungiki. Kambo wangu, yaani bibi yangu, alikuwa anatwanga, anapumzika, anasimulia habari za mtaa, anatwanga tena. Mashine ya kona ni ya haraka, ila inazipasha moto. Tazameni unga huu: mweupe, mwepesi, haugandi mkononi.

Maji yamechemka. Chumvi ndani. Pilipili ndani. Karanga ndani, huku nakoroga. Zinahitaji dakika ishirini hivi, moto wa wastani, na msiweke kifuniko...

Simu imefunga ukungu. Nafuta. Sogea kidogo mwanangu, unakanyaga... hapana, si ninyi mnaotazama, ni huyu ametoka shule na anataka kujua kama kimeiva. Hakijaiva, baba. Kaa pale.

Oh! Mmeona? Imepanda! Ondoa, ondoa sufuria juu ya moto. Haya. Nimegeuka kufuta simu, povu likafika ukingoni. Maji ya karanga mbichi yanapanda yote kwa mara moja, kuliko hata maziwa, na yakimwagika yanazima makala, yaani makaa ya moto. Toeni makala mawili pembeni, rudisheni sufuria, mwiko ukae ndani muda wote. Povu linashuka lenyewe kadiri karanga zinavyoiva, na harufu ya ubichi inaondoka. Mnusishie mtu mwingine, pua ya mpishi imeshazoea.

Wakati zinaiva, tutengeneze soda. Hiki kijiko kimoja. Nusu kopo la maji ya baridi. Koroga mpaka yawe meupe kisha yatulie. Usimwage soda kavu ndani ya sufuria. Narudia: soda kavu isiingie sufuriani. Itaangukia sehemu moja, pale pawe peusi na pachungu, kwingine pabaki uji. Zamani walitumia maji ya majivu yaliyochujwa, yanafanya kazi ile ile, ila nguvu yake inategemea mti uliochomwa, kwa hiyo kuyapima ni kwa ulimi wa mtu mzima mwenye uzoefu. Anayejifunza aanze na ya dukani.

Karanga zimeiva. Sasa moto uwe mdogo, na kama kuna mtu nyumbani, mwite. Mmoja ananyunyiza unga wa kikanda, mwingine anakoroga. Mdogo wangu yuko hapa, mnauona mkono wake. Nyunyiza... pole pole... kama mvua ya kwanza, si ya Januari. Hivyo. Mimi nakoroga kwa kuzunguka, kisha nakata katikati, kisha nazunguka. Ukiona donge, lisage ubavuni mwa sufuria hapo hapo. Unga wote umeingia. Tazameni: ni uji mzito, unateleza, lakini haujashikana. Hapa ndipo mtu hudhani unga ni mdogo akaongeza. Usiongeze! Kinachosubiriwa ni soda.

Haya, tumefika. Nitanyamaza kidogo ili muone. Theluthi ya kwanza ya maji ya soda... nakoroga. Hesabuni hadi thelathini. Rangi inaanza kubadilika, mnaona? Kutoka nyeupe inaenda kahawia. Theluthi ya pili. Nakoroga, na mwiko umekuwa mzito. Acheni kumimina. ACHENI. Hapa ndipo masufuria ya watu yanapoharibika. Mtu anaona inafanya kazi, anafurahi, anamimina yote iliyobaki. Soda inachelewa kuonyesha kazi yake. Ile ya pili bado haijamaliza kuvuta. Subiri dakika mbili. Ukizidisha, kikanda kinakuwa cheusi, kinaonja sabuni, na hakuna dawa: hata uongeze karanga, chumvi au pilipili, sabuni inabaki. Ukipunguza sana, kinabaki uji na kesho kinabomoka kwenye kisu. Lakini iliyopungua unaweza kuongeza. Iliyozidi huwezi kuitoa.

Ndani ya kiazi hiki kuna ule utelezi mliousugua kati ya vidole, wataalamu wanauita glukomanani. Maji na moto vinauvimbisha, soda inaufanya ushikane usirudi tena kuwa uji. Uturuki nao wanasaga viazi vya okidi vya kwao, wanapata kinywaji cha moto cha maziwa kinachoitwa salep, pia aiskrimu inayovutika. Wao wanatia sukari, sisi karanga na pilipili. Mimi niko upande wa pilipili.

Dakika mbili zimepita. Vuteni mwiko. Unasimama wenyewe katikati ya sufuria, na pembeni kinaachana na chuma. Basi, hii theluthi ya tatu siigusi kabisa leo. Siku nyingine naimaliza yote, inategemea unga. Na lile kopo la maji ya moto la pembeni? Kama kimekuwa kigumu kabla hujamaliza kukoroga, tia vijiko vichache. Leo hakikuhitaji. Onjeni punje ndogo. Chumvi iko sawa. Ulimi hauchomi. Nzuri.

Sasa lainisha juu kwa mwiko uliochovywa majini, kandamiza pembeni kusibaki hewa. Kifuniko cha chuma, si cha plastiki wala kioo. Chini toa makala mengi, acha machache. Juu ya kifuniko panga makala yaliyokolea, yawe mengi kuliko ya chini. Chini kikizidi moto kinaungua huku juu kibichi. Dakika arobaini mpaka saa nzima. Wenye oveni ya umeme wanaweza, ila mnajua umeme wetu, unaweza kukuacha katikati. Makala hayaagi.

Nazima simu kidogo.

Nimerudi. Imekuwa kama saa moja, giza linaingia, samahanini kwa mwanga, nimewasha taa ya simu ya mdogo wangu. Naondoa makala kwa koleo, kifuniko nakiinua kwa kitambaa, kikiwa sawasawa hivi, majivu yasiingie. Eeh! Tazameni ngozi hiyo ya juu. Chomeni kisu katikati: kimetoka safi, kina unyevu tu, hakuna uji. Kimeiva.

Na sasa, najua mnataka kukata. Huyu mtoto naye anataka, ameleta sahani yake mwenyewe. Msikate. Kikiwa cha moto kinashika kisu, kinararuka. Kiacheni ndani ya sufuria mpaka kipoe kabisa, na mimi nakiacha usiku kucha. Huyu nitampa ukoko wa pembeni, aliyekaa karibu na mbabula alale na kitu.

Hii ni asubuhi. Nimekigeuza juu ya ubao, kimetoka kizima. Kisu nimekilowesha. Vipande vya unene wa kidole. Tazameni ndani, hakuna donge, hakuna doa jeupe la unga wala jeusi la soda. Sufuria hii imenipa vipande vya familia na bado kuna vya kuuza. Watoto wanabeba shuleni kwenye karatasi. Siku timu ya mpira ya Mazembe wanacheza kule Kamalondo naandaa sufuria mbili, maana watu wanapita hapa wakienda uwanjani, na wakirudi wameshinda wananunua tena. Wanaokunywa bia ya Simba wanakula nacho. Mimi nakipenda na chai isiyo na sukari, mapema, kabla nyumba haijaamka.

Kukihifadhi: Juni na Julai, baridi ikiwa kali, kinakaa siku mbili kikiwa kimefunikwa kwa kitambaa safi. Miezi ya joto, kiliwe siku hiyo hiyo au kiweke kwenye friji. Kikianza kuteleza juu au kunuka uchachu, usikikaange kukiokoa, tupa.

Kuhusu unga, ninao wa kiangazi hiki, sina mwingi, na sitaagiza zaidi mpaka msimu ujao kwa sababu ile niliyowaeleza. Napima kwa kopo hili hili mliloliona. Anayekuja kununua aje na chombo chake chenye kifuniko. Soda sitakuuzia, iko kwenye kila duka la mtaa. Ila kijiko cha kupimia nitakuonyesha tena, mlangoni, kabla hujaondoka.